Kwaheli

Kwenye kadi yangu ya kazini imeandikwa "Mtaalamu Mkuu wa Kiufundi". Hapa Kakamega maana yake ni mwanamke anayeitwa karatasi zikikwama kwenye printa. Nimesoma mpaka nikachoka, nimejenga mifumo ambayo ikizima leo kampuni nzima itakaa kutazamana, na bado mhasibu hunipigia simu kuuliza kwa nini mausi yake haitembei. Nikienda namkuta ameukalia waya. Siku hizi hata sisemi kitu. Nauchomoa waya, narudi zangu kwenye chumba cha seva.

Kampuni yetu husafirisha miwa. Mkulima akishakata yake, huko Musanda au upande wa Butali, anatupigia simu tupeleke trekta iibebe mpaka kiwandani. Na muwa uliokatwa haungoji mtu. Ukilala shambani unakauka, unapungua uzito, na ukichelewa sana kiwanda kinaukataa na mkulima anabaki na kuni. Kwa hiyo wanaotupigia simu hawapigi kutujulia hali. Wanapiga wakiwa na hofu, na mtu mwenye hofu huwa na matusi karibu.

Simu hizo zote zilipokelewa na mwanamke mmoja tuliyemwita Senje, yaani shangazi upande wa baba. Hata mkurugenzi, aliyemzidi umri, alimwita hivyo. Kijumba chake cha swichibodi kilipakana na chumba changu, na kati yetu palikuwa na ubao mwembamba tu, hivyo nilimsikia kutwa nzima. "Halo, kalibu. Mulembe. Kwa heshima yako mkurima, subili kidogo, niko hapa." Mulembe ni salamu ya huku, ya kutakiana amani. Ulimi wake haukuwahi kuelewana na herufi mbili, R na L. Mara nyingi penye R aliweka L, penye L akaweka R, kama nusu ya watu wa huku, na hakuna mkulima aliyelalamika. Mtu aliyeanza simu kwa kutukana aliimaliza akimsimulia ugonjwa wa ng'ombe wake.

Alikuwa na jambo moja lililonikera kama mtu wa mifumo. Hakumwambia mtu kwaheri. Alimaliza maneno, akasema, "Haya, tuko pamoja," kisha akakaa kimya, simu sikioni, mpaka mwenzake akate mwenyewe. Kuna wazee wasiojua kukata. Huiweka simu mezani wakaendelea na maisha yao, na Senje akabaki akisikiliza kuku wao huku laini imeshikwa. Nilimwambia mara nyingi akate. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo barabarani.

Hatukupendana, nisidanganye. Yeye alikuwa mtu wa miwa, wa kwao Musanda. Mimi nimezaliwa Chekalini, huko Lugari, kwa wenye mahindi, na aliniona najidai na Kiswahili changu cha redio. Lakini nilijua shida yake, kwa sababu ubao ule haukuficha kitu. Tangu aanze kazi alikuwa kwenye kandarasi. Ikiisha inaongezwa, ikiisha inaongezwa, na kila ikikaribia kuisha alikuwa anakosa usingizi. Alitaka aajiriwe moja kwa moja, basi. Hakuwa na ombi lingine duniani, na kila Krismasi mkurugenzi alimwambia tutaona.

Halafu mkurugenzi akaenda semina Nairobi, akarudi na neno jipya mdomoni. Alitaka simu inayojijibu. Mkulima apige, mashine imkaribishe, imwambie abonyeze moja kwa mambo ya trekta, mbili kwa mambo ya mbolea, na atakayeshindwa kabisa abonyeze sifuri aongee na mtu. Niliijenga haraka. Sauti tuliinunua, ya mwanamke mwenye Kiswahili sanifu kilichopigwa pasi, kila R mahali pake.

Wakulima waliikataa. Waliposikia sauti ile walikata, wakidhani wamekosea namba. Wengine waliisalimu, wakangoja iitikie, ikawaambia wabonyeze moja, wakakasirika. Mzee mmoja alifunga safari mpaka ofisini kutuarifu kwamba laini yetu imeibwa na matapeli wa Nairobi. Mkurugenzi alimsikiliza, akamshukuru, akamtoa nje kwa adabu. Kisha akasimama mlangoni pangu, akiutazama ule ubao.

"Si tuna sauti yetu hapa?" akasema.

Alimwita Senje mbele yangu. Alimweleza kwamba wakulima wanampenda, kwamba sauti yake ndiyo kampuni, na kwamba tunataka kuirekodi. Senje aliuliza kama hilo lingesaidia mambo yake ya kandarasi. Mkurugenzi alitabasamu.

"Senje, ukirekodi hii, utakuwa hapa milele."

Nilimwona akilimeza neno lile kama maji. Mkurugenzi hakuwa amesema uongo hata kidogo. Ndiyo maana namchukia kwa namna ya pekee, kwa sababu mwongo wa kawaida angalau hujikwaa.

Saa ya chai nilimfuata kwenye kijumba chake. Nikamwambia bila kuzunguka, "Senje, mashine ikishajua maneno yako haitakuhitaji tena. Mwambie kwanza akuajiri, urekodi baadaye."

Aliweka kikombe chini. "Wewe una wivu," akasema. "Miaka yote umekaa huko kwa baridi na mashine, hakuna mtu anajuanga hata sauti yako. Nyinyi watu ya Rugari mnajuanga mahindi tu. Hata mwanaume hajapatikana wa kukusikiriza."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli yote, mpaka ile ya mwanaume. Nikanywa chai yangu. Sikurudia tena kumwonya.

Tulirekodi kwenye chumba cha seva kwa sababu hakina kelele za barabarani. Alikuja na nguo ya kanisani na nywele mpya, kana kwamba maiki ina macho. Nilizima kipoza hewa ili kisisikike, tukatokwa na jasho wote wawili, mabega yakigusana. Na hapo, kwa mara ya kwanza, alianza kuusikia ulimi wake mwenyewe. Nilimrudishia kipande kimoja kwenye hedifoni.

"Nasemanga hivyo?"

"Ndiyo."

"Na mnanisikianga hivyo kira siku?"

Akaomba turudie. Alilikaribia lile "subiri" polepole, midomo imebana, akalitoa: subili. Akajaribu tena. Subili. Akapiga goti lake kwa ngumi. Nilimwambia aache, mkurugenzi mwenyewe amesema anataka hivyo hivyo, maana ndivyo wakulima wanavyomjua. Hakuacha. Alirudia mpaka sauti ikaanza kukauka, na mwisho nikatumia kile cha kwanza.

Ofisini walikuwa wameshapata cha kuchekea. Mtu alivitoa vipande kwenye folda ya majaribio, na kwenye chumba cha chai vikachezwa kwa simu, sauti imefunguliwa yote. Kwa heshima yako mkurima! Watu wakashika mbavu. Aliyecheka zaidi ni mhasibu, ambaye kila mwisho wa mwezi hutuomba "lipoti". Senje aliingia wakicheka, akadhani wanafurahia kazi yake, akacheka nao. Hakuna aliyemweleza.

Mstari wa mwisho kwenye karatasi ya kusoma ulikuwa mfupi: "Asante kwa kupiga simu. Kwaheri." Alisoma ile asante, akaweka karatasi chini.

"Imebaki neno moja," nikasema.

"Hiyo siisemi."

Nikadhani anaogopa ile R. Nikamwambia haidhuru. Akatikisa kichwa.

"Mtu amepiga, miwa yake imerara chini, hajajibiwa kitu. Mimi nimwambie kwaheli? Huko ni kufukuza mtu. Kwetu mtu hatokangi kwa nyumba mpaka aseme yeye mwenyewe ameenda."

"Senje, ni mashine. Simu lazima ifike mwisho."

"Basi tafuta mwingine wa kufukuza watu."

Nilimpigia mkurugenzi. Alisema tuache, si muhimu. Basi mfumo ukawashwa bila kwaheri. Ukifika mwisho ulirudi mwanzo, subili kidogo, niko hapa, mpaka mkulima achoke mwenyewe.

Ulifanya kazi vizuri mno. Wakulima waliisalimu mashine, na safari hii ikawaitikia mulembe. Walimwuliza habari za nyumbani, wakasubiri, wakabonyeza moja. Senje alikaa kwenye kijumba chake akipokea wale wachache wa sifuri, na kumwuliza kila mgeni aliyepita, "Umenisikia kwa simu?" Nywele zile za kurekodia alikaa nazo kwa muda mrefu.

Sasa nieleze kitu ambacho watu wengi hawakijui kuhusu kazi yangu. Ombi lolote la kompyuta hapa huja kwangu kama tiketi, na kuna tiketi ya aina moja inayosema tu: ondoa mtumiaji. Watu hudhani wa kwanza kujua umeachishwa kazi ni bosi wako. Bosi anajua amepanga. Anayejua limefanyika ni mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayezima kadi ya geti, barua pepe na simu, halafu nakutana nawe kwenye korido unaniuliza habari za wikendi. Nimewahi kula keki ya siku ya kuzaliwa ya mtu niliyemzima asubuhi ile. Ilikuwa keki nzuri.

Tiketi ya Senje ilikuja kandarasi yake ilipoisha. Safari hii haikuongezwa.

Asubuhi iliyofuata alifika getini na thamosi yake. Akaweka kadi, taa ikawa nyekundu. Akaifuta kadi kwenye sketi, akaweka tena. Askari wa geti, aliyekunywa chai ya thamosi ile kila siku ya mvua, akamwambia, "Senje, simama kando wengine wapite." Akasimama kando. Wengine tukapita. Baadaye afisa wa wafanyakazi aliteremka na boksi lenye sweta na kikombe, akamwambia asante kwa huduma yako, akarudi juu kabla hajaulizwa kitu. Senje alitazama dirisha langu. Sikujificha. Angeniona tu, chumba cha seva kina dirisha moja.

Hakuondoka upesi. Nilimsikia akimwambia askari, "Lakini ariniambia mirere." Askari akamjibu kwamba gari la miwa linataka kupita.

Tatizo likaja lenyewe baadaye. Kwa kuwa mfumo haukuwa na mwisho, wakulima hawakukata. Sauti waliyoijua iliwaambia niko hapa, nao wakaamini kwamba yupo. Waliiweka simu chini wakaendelea kupalilia, laini zote zikajaa, na wapigaji wapya wakakuta tuko bize tangu asubuhi. Mkurugenzi alikuja akiwa amevimba.

"Weka kwaheri, halafu ikate."

"Alikataa kuisema. Hatuna."

Alinitazama kama ninavyomtazama mhasibu wa mausi. "Una sauti yake yote humo ndani. Tengeneza."

Nilitengeneza. Nilichukua "Kwa heshima", nikaikata katikati ya heshima. Nikachukua "subili", nikabakisha ile silabi ya mwisho tu, li. Nikaziunganisha, nikalainisha pale zinapokutana, nikashusha sauti kidogo mwishoni ili isikike imetulia. Ikatoka kamili: kwaheli. Ilikuwa yeye mtupu, na makosa yake ndani. Niliirudia kuisikiliza na nikafurahi, sitaficha, maana kazi safi hufurahisha hata ikiwa chafu. Kwenye chumba cha chai iliwafurahisha pia. Kwa muda kila aliyetoka ofisini alipunga mkono akisema kwaheli, kwaheli, watu wakianguka kwa kicheko.

Siku moja mchana, mvua ikikaribia, niliona namba ya Senje kwenye skrini. Naijua. Alikuwa ameipigia laini yetu kama mkulima mwingine yeyote. Mfumo unaniruhusu kusikiliza simu yoyote inayoendelea. Tuliandika kwamba ni kwa ajili ya ubora. Nikavaa hedifoni.

"Halo, kalibu. Mulembe," mashine ilisema.

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeona gauni lake la zamani limevaliwa na jirani. Akabonyeza moja. Akaambiwa asubiri. Akasubiri, akabonyeza sifuri ili aongee na mtu, na simu ikaanza kuita. Niliisikia mara mbili, kwenye hedifoni na ng'ambo ya ubao. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuibadilisha sifuri. Iliita kwenye kijumba chake, chini ya maboksi ya wino tuliyoyahifadhi humo, kwa muda mrefu sana. Kisha mashine ikarudi.

"Kwa heshima yako mkurima, asante kwa kupiga simu. Kwaheli."

Laini ikakatika.

Akapiga tena. Safari hii hakubonyeza kitu. Alinyamaza tu, akipumua, mpaka mashine ilipochoka naye na kufika kwenye lile neno. Kisha simu yangu ya mkononi ikaita.

"Madam ya kompyuta," akasema.

"Mulembe, Senje."

Hakuitikia. "Miwa ya mama yangu iko chini tangu wiki ingine. Imeanza kukauka. Nauliza tu trekta iko wapi."

Nikamwambia asubiri. Nilivuka korido mpaka kwa msimamizi wa matrekta, ambaye Senje alimpokelea simu za mke wake kwa miaka na kumfichia mengi. Nikamweleza ni nani na ni nini. Hakuinua macho.

"Apige laini kama wengine."

"Amepiga."

"Na si amejibiwa?"

Nilirudi kwenye chumba changu, nikafunga mlango. "Wanasema upige laini, Senje."

"Nimepiga. Nimejibiwa na mimi."

Nyuma yake nilisikia kuku, na mama mzee akiuliza kitu kwa lugha ya nyumbani, na Senje akimjibu kwamba bado.

"Na hiyo neno ya mwisho," akaniambia. "Hiyo nilisema rini?"

"Hukuisema. Niliiunganisha."

"Uriitoa wapi?"

"Kwenye 'kwa heshima'," nikasema. "Na kwenye 'subiri'."

"Na Kiswahiri yako yote safi, ukaiacha na makosa yangu."

"Ilibidi ifanane na wewe."

"Watu ya huku wamesikia nawafukuza. Jirani ameniambia kwa kanisa. Nikamwambia hapana, mimi siwezi. Leo nimejisikia mwenyewe."

Hasira ilinipanda kwanza, kama kawaida yangu, kwamba nilimwonya na akanitukania mwanaume nisiye naye. Niliitafuta sentensi ya kumchoma nayo na nilikuwa nayo tayari. Kisha hasira ikaisha ghafla, nikabaki na aibu tu, na aibu haina sentensi.

"Basi sema wewe," akasema. "Na mdomo yako. Nisikie."

"Senje."

"Sema."

"Kwaheri, Senje," nikasema, na R yangu ya shuleni ilitoka sawasawa.

Hakujibu. Hakukata pia. Niliendelea kusikia kuku, upepo wa mvua ukipiga mabati, na pumzi yake karibu kabisa, simu sikioni, akingoja nimalize kama alivyowangoja watu wote. Nilingoja mimi nami, nikiomba kwamba mara hii moja akate yeye. Mvua ikaanza kunyesha kwao kabla haijafika kwetu.

Nikakata mimi.